Jicho la Mashine Hupimwa Shambani

Mkulima wa Songea anajua kuchagua mbegu. Anasoma lebo, anaangalia tarehe, anamuuliza jirani aliipanda wapi na msimu gani, na akiona mfuko umeshonwa upya anaurudisha dukani. Maswali ya namna hiyo bado hatujazoea kuyauliza tunapoletewa programu ya simu inayotazama picha ya jani na kutaja ugonjwa. Tunaambiwa ina usahihi wa asilimia 95, tunaipakua, na kesho yake bomba la dawa liko mgongoni.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya afisa ugani wa kata, kiongozi wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), na mkulima yeyote wa Ruvuma mwenye simu janja. Ni wa vijana wetu pia wanaotumwa mashambani kupiga picha na kuzipa majina, maana kazi yao ndiyo inayoamua mashine itaona nini. Yote nitakayoyasema yana mzizi mmoja: usahihi wa akili unde inayosoma picha hupatikana shambani, kabla picha haijafika kwenye kompyuta. Anayetaka kujua ubora wa programu aanze kwa kuuliza habari za picha zake.

Asilimia 99 iliyoshuka hadi 31

Mwaka 2016 watafiti watatu, Sharada Mohanty, David Hughes na Marcel Salathé, walichapisha matokeo yaliyosisimua wengi. Walifundisha kompyuta kwa picha 54,306 za majani ya mazao 14, zikiwa zimegawanywa katika makundi 38 ya zao na ugonjwa, na kwenye mtihani ikapata asilimia 99.35. Katika makala hiyohiyo waliandika jambo ambalo wauzaji wa programu huliruka: walipoipa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, usahihi ulianguka hadi asilimia 31 hivi. Nawaheshimu kwa kuliandika.

Sababu inaeleweka. Majani yale yalichumwa, yakalazwa moja moja juu ya kitu chenye rangi moja, ndipo yakapigwa picha. Hakuna shamba lililo hivyo. Mwaka 2022 mtafiti mwingine, Mehmet Alican Noyan, aliujaribu mkusanyiko huohuo kwa njia ya kushangaza. Kutoka kila picha alichukua pikseli 8 tu, yaani nukta ndogo zinazounda picha, zote za sehemu ya nyuma isiyo na jani, akaifundisha mashine kwa hizo. Ikapatia asilimia 49 ya mtihani, wakati mtu anayebahatisha kati ya makundi 38 angepata chini ya 3. Jani lenyewe halikuhitajika. Picha za kundi moja zilikuwa zimepigwa katika mazingira yanayofanana, na mazingira hayo yakageuka kuwa jibu.

Tulete jambo hilo nyumbani. Mkoa wetu unaanzia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi milima ya Umatengo, kisha unateremka kuelekea mikorosho ya Tunduru. Songea yenyewe iko juu ya mita 1,000, penye udongo mwekundu na ukungu wa asubuhi katikati ya masika. Kule Mbinga, Wamatengo wanalima ngoro, mahindi na maharage yakiota juu ya matuta yanayozunguka mashimo kwenye mteremko. Modeli, yaani mashine ya kusoma picha, iliyofundishwa kwa picha za tambarare moja yenye mistari iliyonyooka haijawahi kuiona ngoro, wala haijui vumbi jekundu linavyokaa kwenye jani la shamba lililo kando ya barabara.

Kwa hiyo uliza: picha zilipigwa wapi, mwezi gani, kwa simu za aina gani? Kisha uliza swali lililo zito kuliko yote: je, picha za mtihani zilitoka kwenye mashamba mengine kabisa? Wapo wanaopiga picha kumi za mche mmoja, wanazichanganya, saba zinafundishia na tatu zinatahini. Mashine inakutana kwenye mtihani na mche ilioufundishwa jana. Alama zinazopatikana kwa njia hiyo hazina thamani yoyote kwa mkulima wa Namtumbo.

Kuna asilimia nyingine inayopotosha kwa njia rahisi zaidi. Maabara ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda, NaCRRI, walikusanya picha zaidi ya 21,000 za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe, na kuanzia mwaka 2020 zikatumika kwenye shindano la kimataifa katika jukwaa la Kaggle. Mkusanyiko ule naupenda kwa sababu una fujo ya shamba halisi: mikono ya watu, magugu, vivuli, majani yaliyopandana. Makundi yalikuwa matano, manne ya magonjwa na wadudu na moja la majani mazima. Tatizo ni kwamba picha sita katika kila kumi zilikuwa za ugonjwa mmoja, batobato. Programu inayojibu "batobato" kwa kila picha bila kutazama chochote ingepata asilimia 61. Washindi wa shindano walifika 91, na hiyo ni kazi kubwa, lakini lazima ihesabiwe kuanzia 61. Ukitajiwa asilimia yoyote, uliza mtu mwenye jibu moja tu mdomoni angepata ngapi.

Picha inayostahili kufundishia

Hapa ndipo ningependa tukae kwa muda, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Chukua muhogo, chakula cha watu wa mwambao wa Nyasa. Batobato hujionyesha juu, kwenye majani machanga ya kileleni: mabaka ya njano na kijani, jani limepinda, vidole vyake vimesinyaa. Michirizi ya kahawia hujionyesha chini, kwenye majani yaliyokomaa: umanjano unaofuata mishipa midogo na kutawanyika pembeni mwake, jani likiwa limenyooka vilevile. Kijana anayepiga picha za majani ya juu tu kwa sababu ndiyo yanayofikika kwa urahisi atarudi na batobato tele na michirizi sifuri, na shamba lililooza chini litaandikwa kuwa ni zima. Halafu majani ya chini kabisa yana mtego wake, maana huzeeka na kuwa njano yenyewe kabla ya kupukutika. Umanjano wa uzee huenea jani zima. Ule wa michirizi hushikamana na mishipa. Mkusanyiko mzuri wa muhogo una picha nyingi za majani ya uzee, zimewekwa kwa makusudi, zimeandikwa "zima", ili mashine ijifunze kutenganisha. Usio nazo sishughuliki nao.

Kwenye mahindi mtihani ni mgumu zaidi, na mkoa huu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi nchini. Ugonjwa wa milia huleta vistari vifupi vya njano iliyopauka, vilivyokatikakatika, vikifuata mishipa na kuenea jani lote. Upungufu wa zinki huleta ukanda mpana uliopauka kila upande wa mshipa wa kati, kuanzia kwenye kitako cha jani, na huanza kwenye majani machanga. Upungufu wa naitrojeni huanza kwenye ncha ya jani na kuingia ndani kwa umbo la herufi V, nao huanzia majani ya chini. Kwenye picha ya mbali yote matatu ni "jani la njano" tu. Shambani tofauti yake ni fedha: mmoja anahitaji urea, mwingine anahitaji zinki, na mwenye milia hana dawa ya kuuponya mche, anahitaji mbegu inayostahimili msimu ujao.

Kwa nini picha ya mbali inashindwa, wakati simu za siku hizi zina kamera kali? Jibu liko kwenye hesabu ambayo wauzaji hawaielezi. Modeli nyingi haziisomi picha kwa ukubwa wake. Simu inaweza kupiga picha ya pikseli milioni 12, lakini modeli ya Inception v3, kwa mfano, huipokea ikiwa imepunguzwa hadi mraba wa pikseli 299 kwa 299. Tuseme umelipiga jani la hindi la sentimita 80 kutoka kitako hadi ncha. Baada ya kupunguzwa, kila pikseli inabeba zaidi ya milimita 2 na nusu za jani. Kistari chembamba chenye upana wa chini ya milimita moja kinamezwa ndani ya pikseli hiyo, na kinachobaki ni kijani kilichofifia. Sasa sogea karibu, upige sentimita 20 tu za katikati ya jani. Pikseli moja inabeba milimita 0.7 hivi, na vistari vinaanza kuonekana. Mpiga picha mwenye ujuzi hupiga mbili: ya karibu kwa ajili ya dalili, na ya mche mzima ili ijulikane jani lile liko juu au chini. Na ukilitazama jani kwa jicho lako kwenye skrini ndogo ya simu, usilikuze, ukashindwa kuiona dalili, mashine haitafanya muujiza.

Kila zao lina upande wake wa kupigwa. Kutu ya majani ya kahawa hukaa chini ya jani, unga wa rangi ya chungwa; ukipiga upande wa juu utaona madoa ya njano yanayoweza kuwa ya kitu chochote. Picha za kutu zisizoonyesha upande wa chini hazifai kufundishia. Kwenye mikorosho ya Tunduru kuna ubwiriunga, ule unga mweupe juu ya majani machanga na maua, na kuna vumbi la salfa ambalo mkulima amelipuliza kuuzuia. Mashine isiyowahi kuonyeshwa jani zima lenye salfa inaweza kuliita tiba ugonjwa. Ningependa kila mkusanyiko wa korosho uwe na majani kama hayo kwa mamia.

Viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017 wana somo lao pia. Matundu kwenye jani hubaki hata baada ya kiwavi kuondoka au kufa, kwa hiyo picha ya matundu inasema alipita, haisemi yupo. Zaidi ya hapo, funza wa mabua naye hutoboa. Fungua moyo wa mhindi, mtafute kiwavi mwenyewe, umpige picha ya kichwa na ya mkia: kichwa kina alama nyepesi ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia kuna madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Picha moja yenye alama hizo mbili ina faida kuliko picha nyingi za matundu.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Jua la saa sita hulifanya jani la hindi limetemete, na mng'ao huo mweupe hufuta dalili. Piga asubuhi umande ukishakauka, au simama ili kivuli chako kilifunike jani lote. Kivuli kinacholikata jani nusu ni kibaya kuliko jua lenyewe. Lakini msije mkazitupa picha zote zilizopigwa kwenye hali mbaya. Mkulima atakayeitumia programu atapiga picha saa sita mchana, mkono ukitetemeka, mtoto mgongoni. Mashine ambayo haijawahi kuona picha ya namna hiyo itamwangusha. Mkusanyiko wenye picha safi tupu mimi huutilia shaka.

Na tafadhali, picha za kazi zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp kama picha za harusi. WhatsApp huzibana, na kinachopotea kwanza ni yale mambo madogo tunayoyatafuta. Zitumwe kama faili, au zihamishwe kwa waya.

Nani kaliita hivyo?

Picha peke yake haifundishi. Lazima mtu aseme hii ni nini, na mashine itamwamini mtu huyo kwa kila neno. Akikosea, itakosea naye, kwa uhakika uleule.

Makosa ya aina hii yako hata kwenye mikusanyiko mashuhuri. Mwaka 2021 Curtis Northcutt na wenzake walizipitia picha na data za mtihani ambazo dunia nzima huzitumia kulinganisha modeli, wakakadiria kwamba kwa wastani asilimia 3.3 ya lebo, yaani majina yaliyotolewa, zilikuwa na makosa. Kwenye mtihani wa ImageNet, mkusanyiko mashuhuri wa picha, ilikuwa kama asilimia 6. Hizo ni picha za mbwa, vikombe na magari. Kwenye magonjwa ya mimea, ambako hata wataalamu hubishana, hali haiwezi kuwa rahisi zaidi.

Ushahidi tunao hapahapa Tanzania. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kwa kushirikiana na taasisi ya IITA, ina jina la Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti. Mwaka 2020 Latifa Mrisho na wenzake walichapisha matokeo ya kuipima kwenye muhogo dhidi ya watu. Nuru ilipata asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58. Wakulima walipata kati ya 18 na 31. Sizitaji namba hizi ili kumdharau mtu. Mkulima anayajua mengi kuhusu shamba lake ambayo picha haiyagusi. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha hatari ya kumkabidhi mtu mmoja, hata awe bwana shamba mzoefu, kazi ya kuzipa picha majina bila mtu wa pili wa kumpima.

Lebo bora hupatikana hivi. Watu wawili wanaojua zao hilo wanazitazama picha zilezile, kila mmoja peke yake, bila kuoneana majibu. Zile walizokubaliana zinaingia. Zile walizopishana zinakwenda kwa mtu wa tatu, na zikishindikana zinaandikwa "haijulikani" na kuwekwa kando. Uliza programu ina picha ngapi za "haijulikani". Ukiambiwa hakuna hata moja, basi kuna mtu aliyelazimisha majibu. Uliza pia wale wawili walikubaliana mara ngapi: kama wataalamu wenyewe wanapishana kwenye picha 30 kati ya 100, usahihi wa asilimia 98 unaotangazwa umepimwa kwa rula iliyopinda.

Mahali pengine jicho halitoshi hata liwe la mtaalamu. Michirizi ya kahawia kwa mfano: kuna mihogo ambayo majani yake hayasemi lolote, na ukikata kiazi unakuta uozo mkavu wa kahawia ndani. H. H. Storey aliuandika ugonjwa huu kutoka Amani, Tanga, mwaka 1936, na mpaka leo njia ya uhakika ni kuuchimba mche au kupeleka sampuli maabara. Kwa hiyo mkusanyiko wa muhogo wenye hadhi ya juu ni ule ambao angalau sehemu ya lebo zake ilithibitishwa kwa kuchimba au kwa kipimo cha maabara. Vilevile kwa kahawa, tuna kituo cha utafiti cha Ugano wilayani Mbinga. Kwa mahindi na maharage kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Uyole, Mbeya. Kwa korosho kuna TARI Naliendele, Mtwara. Mradi wa picha za Ruvuma ambao haukumhusisha yeyote kati ya hao, nitataka kujua uliwahusisha akina nani.

Tazama inavyokosea

Fundi wa kweli wa kazi hii ukimuuliza usahihi, hakupi namba moja. Anakupa jedwali: mistari ni ugonjwa halisi, safu ni jibu la mashine. Hapo unaona batobato iliitwa utitiri mara ngapi, jani zima liliitwa gonjwa mara ngapi. Programu mbili zenye asilimia 85 zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Moja inachanganya magonjwa mawili yanayotibiwa kwa njia ileile, na hasara yake ni ndogo. Nyingine inayaita mazima majani ya milia, na mkulima anagundua mwezi Aprili kwamba hana mahindi ya kuvuna.

Ugonjwa ukiwa haba, hesabu inageuka. Tuseme mche mmoja katika kila mia ndio mgonjwa, na programu iko sahihi mara 90 katika 100, kwa miche migonjwa na kwa mizima. Ipeleke kwenye miche 1,000. Wagonjwa 10, itawakamata 9. Wazima 990, itawashuku 99. Jumla ya miche iliyotajwa kuwa migonjwa ni 108, na ni 9 tu iliyo migonjwa kweli. Mtu akinunua dawa kwa kila tahadhari ya mashine hii, sehemu kubwa ya fedha yake inamwagika juu ya miche mizima. Kwa hiyo uliza jedwali lilipimwa kwenye shamba lenye ugonjwa mwingi au mchache, na lifanane na hali ya kwenu.

Kuna jaribio dogo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya bila mtaalamu. Ipe programu ya mahindi picha ya jani la mgomba, halafu picha ya kitenge, halafu ya ukuta wa matofali. Iliyo nzuri itasema haitambui. Iliyo mbovu itakwambia kitenge kina madoa ya kijivu kwa uhakika wa asilimia 97. Mashine nyingi zilifundishwa kuchagua moja kati ya majibu yaliyopo na hazikupewa nafasi ya kusema sijui. Kwangu mimi hicho ni kipimo cha uungwana wa aliyeitengeneza: je, alikubali mashine yake inyamaze?

Makosa huwa na upande pia. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia kwa sura, wakitumia picha za wabunge wa nchi sita, Rwanda ikiwamo. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Kampuni zile zilikuwa zikijisifu kwa wastani mzuri. Kwenye kilimo upande huo unaweza kuwa aina ya mbegu, mwinuko wa shamba, au bei ya simu. Dai alama za kila kundi peke yake: simu za bei ndogo mbali, simu za bei kubwa mbali, Nyasa mbali, Mbinga mbali.

Na njia ya kuongeza usahihi ambayo ningeisisitiza kuliko zote ni ile isiyogharimu kitu. Katika utafiti wa Nuru, walipoacha kutegemea jani moja wakatazama majani sita ya mche mmoja, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kompyuta haikubadilishwa. Dalili haziko kwenye kila jani, na picha moja ikiharibiwa na kivuli, nyingine tano zinabaki kutoa ushahidi. Programu inayokutaka picha moja tu na kukupa jibu papo hapo imefanywa ivutie machoni. Ile inayokwambia "sasa piga la chini, sasa la katikati" inafanya kazi.

Njia ya pili ni kuzirudisha picha zilizoishinda. Kila mahali mashine iliposema sijui, au ilipopishana na bwana shamba, picha hiyo ina thamani kuliko mia moja ilizozipatia. Zikusanywe, zipewe majina na watu wawili, zirudi kufundishia. Watengenezaji wengi huongeza maelfu ya picha zinazofanana na walizonazo tayari, wakashangaa alama hazipandi.

Mtihani wa Ruvuma

Programu ikiletwa kijijini kwenu, ombeni jaribio la miche 100. Chagueni mashamba matano yaliyo mbalimbali, kwenye kila shamba miche 20, migonjwa na mizima. Watu wawili wanaolijua zao waandike majibu yao kwenye karatasi, kila mmoja yake, kabla simu haijafunguliwa. Ndipo mkulima, asiwe mtaalamu wa kampuni, apige picha kwa simu yake mwenyewe, saa anazolimia. Mkimaliza, choreni jedwali la makosa mbele ya wote. Kumbukeni kwamba kwa miche 100, alama ya 80 inaweza kuwa kati ya 71 na 87 mkipima shamba kubwa, kwa hiyo msichague kati ya programu mbili kwa sababu moja imeizidi nyingine kwa alama tatu.

Picha za jaribio hilo msizifute wala msizitoe bure. Ziwekwe kwenye ofisi ya AMCOS au ya afisa ugani, pamoja na tarehe, jina la kijiji, aina ya mbegu na majibu ya wale wawili. Mikusanyiko iliyopo ya Afrika Mashariki, ya Makerere kwa muhogo na maharage, na ya Neema Mduma wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, na mwenzake Hudson Laizer, kwa mahindi, ilianza kwa watu kwenda shambani na simu kama hizo. Anayetaka kuzitumia za kwenu aje, aeleze atazifanyia nini, na programu itakayotokana nazo ijaribiwe tena kwenu.

Na kampuni ikikataa kufanyiwa mtihani wa miche 100, msiilipe.